Mwendo wa Wifi Noeline

Glenys Kilbride hakujaliwa tabia ya kujishusha. Ukimuuliza kazi yake, pale mjini Reefton au popote pengine katika Pwani yetu ya Magharibi, alikujibu bila kupepesa macho: "Naandika milima." Hakusema anaandika habari za milima. Na ukicheka, alikutazama mpaka kicheko kikakukauka mdomoni.

Zamani alikuwa muuzaji katika duka la dawa. Alisimama nyuma ya kaunta miaka mingi akiwauzia watu dawa ya kuchua magoti, hadi siku alipovua koti jeupe, akalitundika msumarini na kurudi nyumbani mchana kweupe. Mumewe, Athol, fundi wa misumeno ya mashine, alikuwa anakunywa chai.

"Nimeacha kazi," alisema Glenys.

"Tutakula nini?"

"Tutakula miguu yangu."

Athol aliitazama miguu yenyewe, akaona inatosha, akaendelea na chai yake. Na kweli hawakulala njaa. Kazi ya mwandishi wa kujitegemea haina bosi wala pensheni, usipopika, huli. Glenys alipika. Aliliandikia gazeti la Greymouth, aliandika vipeperushi vya nyumba za wageni, na Jumamosi asubuhi alizungumza redioni akiwaambia watu mto gani umefurika na njia gani imeangukiwa na miti. Kazi aliifanyia kwenye meza ya jikoni, karibu na jiko la kuni, buti zikikauka juu ya kichwa chake. Athol alidai kwamba makala za mkewe hunuka soksi hata baada ya kuchapishwa.

Lakini fahari yake ilikuwa ukurasa wa mwisho wa jarida moja la Auckland, ukurasa ulioitwa Matembezi ya Mwezi. Watu wa visiwa vyote viwili vya nchi yetu waliukata kwa mkasi wakautia mfukoni kabla ya kutoka nyumbani. Alikuwa ameushika ukurasa ule tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hakuwa na mpango wa kuuachia.

Kilichompa jina ni saa zake. Mandhari kila mtu anaweza kuyasifu. Kazi ngumu ni kumwambia mtu ukweli kuhusu muda: ukitoka hapa utafika pale lini. Waandishi wengi wa milima wana mapafu ya farasi. Wanaandika muda wa miguu yao, na anayeumia ni msomaji. Glenys naye aliwahi kuwa wa aina hiyo. Mwaka wake wa kwanza aliandika kwamba njia fulani ni ya asubuhi moja tu. Haukupita muda, mume na mke kutoka Christchurch wakabisha hodi kwake, wana matope mpaka masikioni, wamelala usiku kucha chini ya gogo. Hawakuja kugombana. Mwanamke alisema kwa upole, "Samahani, tulitaka tu kuiona hiyo miguu."

Glenys aliwapa supu, akawakausha, akawasindikiza. Tangu siku hiyo hakuandika tena muda wake mwenyewe. Aliandika muda wa wifi yake.

Noeline alikuwa dada mkubwa wa Athol, mpishi mstaafu wa hospitali, mwenye goti la kulia linalolia kama mlango wa banda na ulimi usiojua likizo. Alikaa ng'ambo ya barabara. Glenys hakwenda matembezi ya ukurasa wake bila Noeline. Wakianza alichungulia saa, wakifika alichungulia tena, na hesabu hiyo ndiyo iliyochapishwa. "Akifika Noeline kwa saa nne, hakuna atakayeshindwa kufika kwa saa nne," alimwambia Athol. "Katika Pwani nzima hakuna saa za kweli kama zangu." Alikuwa na hakika na jambo hilo kuliko alivyokuwa na hakika na mvua, na kwetu mvua ni hakika kabisa. Noeline hakuambiwa kitu. Yeye aliamini kwamba anaalikwa kwa sababu ya pai yake ya mayai.

Basi baridi ilipoanza kuisha, jarida likapata mhariri mpya, kijana aitwaye Fraser Lim, mkimbiaji wa mbio za milimani, mwenye adabu nyingi. Alipiga simu.

"Dada Glenys, nakuheshimu sana."

Glenys akajua kuna neno. Mtu hakupigii simu kutoka Auckland ili tu kukuheshimu.

"Sema."

"Wasomaji wanalalamika. Wanasema saa zako ni ndefu mno. Wanamaliza matembezi kabla ya mchana, halafu hawana la kufanya."

"Wale chakula cha mchana."

Fraser alicheka kidogo, cheko la heshima. "Toleo la kiangazi nataka Mlima Tansey, mpaka kileleni. Na nataka saa za mtu mwenye nguvu zake. Ukiniletea zile za siku zote, itanibidi ukurasa nimpe mtu mwingine. Tafadhali usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa vizuri kabisa," alisema Glenys. "Nitakuletea saa za kweli, kama kawaida yangu." Akaweka simu chini.

"Anasemaje?" aliuliza Athol.

"Anataka niwadanganye watu kwa adabu."

"Utafanyaje?"

"Nitaupanda Tansey na dada yako. Noeline ameshaupanda ule, na hakuupanda vibaya. Huyo kijana akiziona saa zetu atakosa la kusema."

"Na goti?"

"Goti lake linalalamika tangu siku niliyoolewa hapa. Halijawahi kukataa safari."

Siku waliyotoka ilikuwa kavu, jambo ambalo kwetu hutangazwa redioni. Glenys alipofika kwenye gari alimkuta Noeline ameshakaa ndani, kofia nyekundu kichwani, fimbo katikati ya magoti, pai mapajani.

"Unakuja lini?" alisema Noeline. "Nimekaa hapa mpaka visubi wamenizoea."

"Wewe na visubi ni ukoo mmoja. Wote mnauma."

"Na wewe umeolewa kwenye ukoo huo huo, kwa hiyo funga mlango twende."

Njia ya Tansey inaingia msituni mara tu unapotoka kwenye gari, na mizizi imejipanga kama ngazi za fundi mlevi. Glenys alitangulia, kama alivyotangulia siku zote. Kila penye kona alikaa kwenye gogo, akanywa maji, akatazama kigae kipi cha rangi ya chungwa cha kuonyesha njia kimeng'oka mtini na wapi kijito kimekula kingo. Kofia nyekundu ilipojitokeza kati ya miti, aliinuka akajipangusa suruali. "Haya, wifi, twende."

"Twende," alijibu Noeline, uso umeiva, na wakaenda.

Ilikuwa kwenye kona ya tatu au ya nne ambapo Noeline alimfumania akichungulia mkono.

"Hebu nambie. Unaitazama hiyo saa kila tukikutana. Kuna mwanamume anakungoja huko juu?"

"Hakuna mwanamume."

"Basi nini? Maana Athol hawezi kukungoja. Athol hata chai haingoji ipoe."

Glenys hakuwa mwongo, wala hakuona sababu ya kuficha. Akamwambia yote: saa za siri, miaka yote ile, simu ya Fraser, ukurasa unaoning'inia. Alimwambia kama mtu anayetoa sifa, na moyoni mwake ilikuwa sifa kweli. "Wewe ndiye kipimo changu, wifi. Nchi nzima inatembea kwa mwendo wako."

Noeline akaegemea fimbo.

"Kumbe mimi ni saa," alisema. "Na mimi nilidhani naalikwa kwa ajili ya pai."

"Na pai pia."

"Na huyo mtoto wa Auckland atakunyang'anya ukurasa kwa sababu ya miguu yangu."

"Haninyang'anyi kitu. Wewe tembea tu kama siku zote."

Noeline alimtazama kama mwenye neno, kisha akalimeza. Akampita pale kwenye gogo, akashika njia. Na mwanamke akaenda! Fimbo ilikuwa inapiga mawe mbele yake ko, ko, ko, na kwa mara ya kwanza Glenys akajikuta anarefusha hatua ili asiachwe.

"Wifi, taratibu."

"Taratibu ya nini? Si wametaka nguvu?"

Walivuka daraja la waya bila kusimama kuutazama mto. Walipanda mteremko wa matope ambao watu hupanda wakishikilia mizizi, na Noeline aliushikilia mmoja tu. Glenys alianza kufurahi. Kichwani mwake makala ilikuwa inajiandika yenyewe, na Fraser Lim alikuwa anaomba radhi. Miti ikawa mifupi, anga ikafunguka, na mbele yao kukawa na jiwe kubwa bapa kando ya kijito, na juu yake kabisa kilele cha Tansey, theluji imebaki kwenye mikunjo. Hapo ndipo goti liliposema basi.

Noeline hakuanguka. Alisimama, akalishika jiwe, kisha akakaa juu yake polepole sana, na uso uliokuwa mwekundu ukageuka rangi ya majivu. Glenys alipomkunjia suruali, goti lilikuwa limevimba kama mkate ulioumuka. Akalifunga bendeji, akammiminia chai.

"Pale pamebaki kidogo tu," alisema Noeline akikionyesha kilele kwa kidevu. "Wewe mwenyewe utakwenda na kurudi kabla sijamaliza kikombe hiki. Nenda. Mpelekee huyo kijana saa zako, mambo yaishe."

Glenys alikitamani kilele kile. Tusidanganyane: alikitamani mpaka miguu ikamuwasha. Hali ya hewa ilikuwa njema, njia anaijua, na ukurasa wake ulikuwa umekaa pale juu ukimngoja. Kwetu lakini watoto hufundishwa kabla ya kufundishwa kusoma kwamba kundi halivunjwi mlimani. Mliotoka pamoja hurudi pamoja. Anayemwacha mwenzake jiweni ili akatazame mandhari, habari zake zitafika baa kabla yake.

Hata hivyo si sheria hiyo iliyomzuia. Alimwona wifi yake ameshika kikombe kwa mikono miwili kama mtoto, na akaogopa, yeye asiyeogopa mto wala ukungu. Aliogopa kwamba huu ndio mlima wa mwisho watakaopanda pamoja.

"Nimeshafika," alisema, akakaa. "Kata pai."

"Usinionee huruma."

"Nikuonee huruma wewe? Kata pai, nina njaa."

Kushuka kulikuwa kwa kukaa na kusimama, kusimama na kukaa. Walipotokea kwenye gari, jua lilikuwa linajificha nyuma ya vilima na Athol amekuja na lori lake, blanketi begani. Alimtazama dada yake, akamtazama mkewe, akaamua kutouliza swali alilokuwa nalo.

"Tansey bado upo?"

"Upo," alisema Noeline. "Unakusalimu."

Kesho yake Glenys aliketi mezani akaandika. Aliandika msitu, daraja, mteremko wa matope. Aliandika kwamba safari inaishia kwenye jiwe, na kwamba anayetaka kilele anaweza kukiona vizuri akiwa amekaa. Muda aliuweka wa Noeline wa siku zote, si ule wa asubuhi ya hasira. Kisha akaituma.

Fraser alipiga simu kabla jioni haijaingia. "Dada Glenys, kilele kiko wapi?"

"Kiko palepale. Hakijahama."

"Siwezi kuchapisha matembezi yanayoishia kwenye jiwe."

"Basi usiyachapishe."

"Unanilazimisha nimpe mtu mwingine."

"Mpe. Mwambie avae buti nzuri, pale kwenye mteremko panateleza."

Akaenda nyuma ya nyumba kupasua kuni. Alipasua za wiki nzima, akaanza za wiki inayofuata, hadi Athol alipokuja akamtoa shoka mkononi. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akajipangusa kwa kiganja chenye vumbi la mbao. Halafu akaingia ndani akaipigia Greymouth. Gazeti likaichukua makala kama ilivyo, likaichapisha kati ya ratiba ya mnada wa ng'ombe na tangazo la trekta lililotumika. Glenys aliisoma akaona haijapungua hata neno. Kurasa zipo nyingi duniani, alimwambia Athol, na miguu ninayo.

Kilichomkosesha usingizi kilikuwa ng'ambo ya barabara. Noeline alikaa nyumbani goti juu ya mto wa kitanda, akatangaza kwamba ameacha milima. "Nimetundika buti," alimwambia Athol, kana kwamba anaongea habari za mtu mwingine. Glenys alimpelekea supu, akampelekea magazeti ya zamani. Wakaongea habari za bei ya makaa, za mchungaji mpya, za paka wa jirani. Habari za kutembea hakuna aliyezigusa, na za ukurasa Glenys hakusema.

Kiangazi kikaingia. Goti likanywea. Siku moja Noeline alikwenda duka la dawa kununua ile dawa ya kuchua, na pale karibu na kaunta akaliona jarida jipya. Akafungua ukurasa wa mwisho. Kijana asiyemjua amesimama kileleni Tansey, mikono ameitandaza, na chini yake saa za mtu anayekimbilia moto. Jina la Glenys halikuwapo. Noeline akalirudisha jarida mahali pake, akasahau dawa, akaenda kwake, kisha akavuka barabara na kuingia jikoni kwa Glenys bila hodi. Miguuni alikuwa na buti.

"Ukurasa umekwenda," alisema.

"Umekwenda."

"Na hukuniambia."

"Ungesema ni goti lako."

"Si ni goti langu?"

"Ni ukaidi wangu. Goti lako lilikuwa limekaa kwenye jiwe linakula pai."

Noeline alivuta kiti lakini hakukaa. "Sasa nani anazingoja hizo saa zako?"

"Greymouth. Na hao hawana haraka, wanapenda tu kuwe na picha."

"Basi inuka. Twende kwenye jiwe. Ila leo natangulia mimi."

Glenys aliinuka kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha, akavaa buti zikiwa bado na unyevu.

Msituni Noeline akashika mbele. Alikwenda, akasimama kutazama kuvu kwenye shina. Alikwenda tena, akakaa kwenye mzizi, mahali ambapo Glenys asingewaza kumkalisha mtu. Alipojisikia akanyanyuka. Alisimulia visa vya jikoni hospitalini, vya daktari aliyeiba keki na mgonjwa aliyeomba kumwoa mpishi, visa ambavyo Glenys, miaka yote waliyotembea, hakuwahi kusikia hata kimoja. Wala hakuhema. Uso wake ulibaki na rangi yake mwenyewe. Mwanzoni Glenys alimkanyaga kisigino mara mbili kwa mazoea ya miguu, na kichwani alikuwa bado anapiga hesabu. Walipofika daraja la waya, kwa hesabu zake walitakiwa wawe wameshakaa jiweni wanakunywa chai.

"Wifi, goti linakuuma?"

"Haliumi hata kidogo."

"Mbona huu si mwendo wako?"

"Huu ndio mwendo wangu," alisema Noeline. Alikaa kwenye gogo kabla ya daraja, akaiweka fimbo kando. "Ule mwingine ulikuwa wa kukufukuzia wewe. Ulikuwa unatangulia, unakaa, unapumzika, unakunywa maji yako. Mimi nikijitokeza tu, wewe unainuka: haya, wifi, twende. Miaka yote hiyo, Glenys, hujawahi kuniachia nipumzike."

Glenys aliziona kurasa zake zote zilizokatwa kwa mkasi, ziko kwenye mifuko ya watu wenye magoti kama haya, zikiwaambia watafika lini. Saa za kweli kuliko zote katika Pwani nzima. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Kwa nini hukusema?"

Noeline alikuwa anafungua kitambaa cha pai. "Nilijua ungeacha kunichukua."

Glenys alikaa kando yake kwenye gogo. Visubi wakawajia, chai ikapoa, na yeye hakuinuka mpaka wifi yake alipoinuka kwanza.